Mbona chanjo ya ndui mmeiruka?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Dk. J. J. Garth Wilkinson wa London (1812–1899) ilinifurahisha, kisha ikaniudhi. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimechanja watoto tangu usichana wangu, kwa hiyo mtanivumilia.

Mwandishi wenu anasema daktari huyu alikimbilia homeopathia, yaani kutibu ugonjwa kwa dawa iliyozimuliwa mno ya kitu kinacholeta dalili kama zake, kwa kuchoshwa na tiba ya zama zake. Hapo sina ugomvi naye. Wagonjwa walikuwa wakitolewa damu na kunyweshwa zebaki mpaka meno yanalegea. Kipindupindu cha mwaka 1854, hospitali ya homeopathia ya London ilizika 10 kati ya wagonjwa 61, kwingine wakifa karibu nusu. Dawa iliyozimuliwa mara 30, kila mara tone moja kwa matone 99, haibaki na kitu, lakini angalau haikumdhuru mgonjwa.

Ile habari ya Aisilandi nimeicheka peke yangu. Wilkinson anawakuta kondoo wanaolisha karibu na volkano ya Hekla wameota vinundu vya mifupa kwenye mataya, anachukua majivu yale yale, anayafanya dawa ya taya!

Na mambo ya roho nayo, sawa. Alimfasiri Swedenborg, Mswidi aliyedai kuongea na malaika. Mwaka 1892, akiwa na miaka 80, akaandika kitabu kizima kumhusu Mwafrika, kwa kuwa Swedenborg alituona tuko karibu zaidi na mbingu kuliko Wazungu. Ahsante yake.

Lakini mtu huyo huyo alipiga vita chanjo ya ndui, iliyokuwa lazima kwa watoto wachanga wa Uingereza tangu 1853, akisema ni kuwatia sumu kwenye damu. Makala nzima haina hata mstari mmoja juu ya hilo. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Kazini kwake chanjo ilikuwepo. Aliikwepa akiogopa sindano itauma. Akapona, na baadaye akawa anapita kuwahimiza wazazi wachanje watoto wao polio.

Mmeahidi sehemu ya pili. Naomba Wilkinson wa chanjo naye apewe nafasi yake, tena ukurasa ule ule wa mbele.

Muuguzi mstaafu,
Tanga