Taarifa ya Mwenyekiti: mwaka wa McDonagh (na ada zenu)

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusoma tamthilia hapa Ireland, salaam. Mambo ya kawaida sirefushi maana mliokuja mliyaona: vikao vya kusoma tamthilia vilifanyika, ukumbi tulihamishwa mara moja, pilau la Krismasi lilitosha, rambirambi zilifika. Fotokopi za skripti nilitoa mfukoni kwangu, silalamiki, iandikwe tu.

Sasa lile lililowasha moto kwenye grupu. Kamati ilimchagua Martin McDonagh, mwandishi wa tamthilia, awe mwandishi wetu wa mwaka, wengine mkaja juu eti huyo sio Muayalandi, kazaliwa London 1970. Sawa, kazaliwa London, ila baba yake mtu wa Galway, mama yake Sligo, zote magharibi mwa Ireland, na kila kiangazi watoto walikuwa wanapelekwa huko kwa ndugu, ile lugha ya wazee wa magharibi ikamkaa kichwani mpaka akaja kuimwaga kwenye tamthilia. Shule kaacha na miaka 16, akawa hana kazi anaandika tu, akatuma skripti kwa Druid, kundi la maigizo la Galway, na mwongozaji wao mama Garry Hynes akaipandisha jukwaani tamthilia yake The Beauty Queen of Leenane palepale Galway Februari 1996. Ilipofika Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, ikabeba tuzo 4 za Tony mwaka 1998, Hynes akawa mwanamke wa kwanza kupata ile ya kuongoza tamthilia. Sasa Galway wenyewe wamempokea, sisi tulioshuka juzi Dublin Airport na mabegi ndio tumkague pasipoti? Na watoto wetu waliozaliwa hapa, wanaopelekwa Tanga likizo, tuwaiteje? Nilipouliza hivyo kikaoni kimya, hakuna aliyejibu mpaka leo.

La pili, eti anawacheka watu wa vijijini. Hata Waayalandi wapo wanaosema hivyo. Lakini mkumbuke siku tuliposoma ile barua ya kwenye Beauty Queen: Pato yuko London anabeba zege, kamwandikia mpenzi wake Maureen waende wote Boston, mdogo wake Ray kaambiwa ampe mwenyewe mkononi, kachoka kusubiri kamwachia Mag, mama yake Maureen, na bibi huyo kafunua jiko, ukurasa wa kwanza kausoma kautupia motoni, kaanza wa pili. Mama mmoja hapa alimtukana Mag kwa sauti utadhani yuko jikoni nao! Hakucheka mtu. Uamuzi ule nausimamia, hata mkiniondoa.

Mahudhurio ni aibu. Siku ya The Pillowman, tamthilia yake nyingine, tulikuwa 6, viti 40 nimepanga peke yangu. Hesabu: wanachama 47, waliolipa 19, makusanyo euro 570, ukumbi na chai euro 640, pengo nani kaziba msiniulize.

Mwakani Mungu akijalia twende Galway kuwaona Druid, basi likipatikana, labda na sisi tuigize kitu. Marina Carr, mwandishi mwingine wa tamthilia wa Ireland, katajwa, tutaona. Mweka hazina yuko mlangoni na daftari, na ule mlango wa jikoni nimeufunga.