Tope la mtoni linapelekwa wapi?

Mhariri,

Wiki iliyopita tingatinga lilishuka mtoni hapa Njiru, likachota tope jeusi na kulimwaga ukingoni, hatua chache tu kutoka kwa nduma zangu. Siku ya kwanza liling'aa kama grisi na kunuka mayai viza. Siku ya tatu lilikuwa limekauka na kugeuka rangi ya kutu, mbuzi wa jirani wanalipanda. Ijumaa mvua ikanyesha, nusu yake ikarudi ilikotoka.

Sina neno na kusafishwa kwa Mto Nairobi. Neno langu ni kuhusu tope.

Chupa ya plastiki unaiona, unaiokota. Madini ya sumu kama risasi, kadimiamu na kromiamu, yanayotoka viwandani, kwenye karakana, betri na rangi, hushikamana na udongo laini na kutulia chini. Petroli yenye risasi tuliiacha 2006, lakini risasi haiozi kama ganda la ndizi. Na juu yetu hapa kuna jaa la Dandora, kando ya mto huuhuu. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambao ofisi zao ziko Gigiri, walitoa ripoti 2007 baada ya kupimwa watoto 328 wa eneo hilo: nusu yao walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi kwenye damu.

Humo chini ya tope pasipo hewa, salfaidi, yaani kemikali zenye salfa, huyafunga madini kama risasi na kadimiamu. Tope likianikwa juani, kifungo hulegea. Mvua ikija, madini yanaweza kurudi mtoni yakiwa yameyeyuka, yakaingia kwa minyoo, kwa kambare anayekula minyoo, kisha kwa korongo anayemla kambare. Maji hayo huingia Athi, yakafika Sabaki na baharini karibu na Malindi. (Nduma zangu nazo hunywa humohumo, nakiri. Wateja wangu wa Kayole hawajawahi kuniuliza.)

Kwa hiyo kabla tingatinga halijarudi, tope lipimwe na matokeo yabandikwe tuyasome. Tuambiwe pia lori linalibeba kulipeleka wapi, maana ukingoni si mahali pa kuliacha.

Nilimwuliza msimamizi wa kazi. Akacheka: "Mzee, hiyo ni mbolea ya bure." Jioni hiyo majirani wawili walikuja na mkokoteni.

Mkulima wa nduma,
Njiru, Nairobi