Oksijeni peke yake haielezi vidole vya baba

Ndugu Mhariri,

Watu wamezoea kusema kwamba ncha za vidole vya mgonjwa wa mapafu huvimba kama rungu kwa kukosa oksijeni. Maelezo hayo yalitupotezea miezi minne.

Kucha za baba zilibinuka kama mgongo wa kobe, shina lake likawa linabonyea kama sifongo. Hazikumuuma. Akabanwa kidole kwa kipimo cha oksijeni, ikasoma asilimia 97. Tukaambiwa mapafu ni mazima, turudi nyumbani. Kumbe pafuni mna saratani! Kidole kilekile kilichobanwa ndicho kilichokuwa kinasema, na hakuna aliyekitazama.

Tangu hapo nimesoma sana. Wapo wengi ambao sigara imewaharibu mapafu, oksijeni yao iko chini, na vidole vyao ni vya kawaida. Ndiyo maana mvutaji akivimba ncha za vidole haitoshi kusema "ni sigara", saratani itafutwe.

Maelezo yaliyoniingia zaidi ni ya watafiti Dickinson na Martin, ya mwaka 1987. Uboho wa mifupa hutengeneza chembe kubwa mno, megakariositi. Baadhi yake husafiri na damu hadi mapafuni, na katika mishipa myembamba ya humo hukatikakatika kuwa chembe sahani, zile za kugandisha damu. Pafu likiugua, mapande makubwa hupita bila kuchujwa, yakaenda kunasa kwenye ncha za vidole. Hapo humwaga kemikali za kukuza: mishipa mipya ikachipua, nyama ikaongezeka. Uvimbe wa saratani nao waweza kumwaga kemikali za namna hiyo.

Mwaka 2008 likaongezeka jambo jingine. Watu waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya HPGD hushindwa kuivunja kemikali ya mwilini iitwayo prostaglandini E2, na vidole vyao huvimba bila ugonjwa wowote wa mapafu. Kemikali hiyo kwa kawaida huvunjwa zaidi mapafuni. Kwa hiyo mimi naliona pafu kuwa chujio pia, na kipimo cha oksijeni hakipimi uchujaji.

Wauguzi na madaktari, tafadhali, kabla ya kubana kidole kitazameni. Gusanisha kucha mbili mgongo kwa mgongo: shinani panapaswa kubaki kitundu cha mwanga. Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, alilieleza hilo mwaka 1976 baada ya kuugua na kuona vidole vyake mwenyewe.

Baba ameshaondolewa kipande cha pafu. Juzi aligusanisha kucha zake dirishani, akaniita nije nione. Kitundu kimeanza kurudi.

Msomaji wako