Muulize kwanza habari za mikarafuu

Mama Deo, shoga yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mmeamkaje huko Matombo? Mguu wa Baba Deo umepona, au bado anaupeleka kwa yule yule? Sisi huku Ruteng, kwenye milima hii ya Manggarai kisiwani Flores, Indonesia, wazima. Baridi tu ndiyo haina adabu, mtu anakunywa chai kavaa sweta mbili.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mara mbili, pamoja na kuku waliokuwa wanagombana nyuma yako. Nimeona niandike, maana nikijibu kwa sauti nusu nitaisahau. Unataka kujua binti yako Jenista akiolewa na yule kijana wake wa huku na kuhamia kijijini kwao, atakuta maisha gani. Umeniuliza umeme, ugali, mahari, nyoka. Swali lenyewe hukuliuliza: mikarafuu ya kwao bado ni yao, au imeshauzwa ikiwa mtini?

Ngoja nimalize madogo. Umeme umefika vijiji vingi vya Manggarai, wa kulipia kabla, unaingiza tarakimu 20 kama LUKU yetu. Mvua za Januari zikiangusha mianzi juu ya nyaya, mnakaa gizani mpaka mafundi wapate njia ya kupanda. Ugali asahau. Ni wali asubuhi, mchana na jioni, na mchele ukipungua ni mahindi, magimbi na mihogo. Kisamvu wanakula, ila hawakitwangi: wanachemsha majani mazima, wanakamua, wanakaanga na pilipili. Vinu wanavyo, vya kahawa na mahindi, kwa hiyo akitaka kuwafundisha cha kwetu hahitaji kubeba kinu kwenye ndege. Kutoka uwanja wa Labuan Bajo mpaka Ruteng ni kama kilomita 130, na gari linatumia saa nne kwa kona zilivyo. Kutoka hapo anapanda lori lililofungwa mabenchi ya mbao, abiria na magunia na nguruwe pamoja. Kati ya Novemba na Aprili kilima kikiporomoka barabarani mnashuka mnasubiri. Ndani ya vijiji njia zimekuwa afadhali tangu 2015, fedha za serikali kuu zilipoanza kwenda moja kwa moja kwenye kijiji kwa sheria ya 2014. Mara nyingi utakuta wamemwaga zege, wamejenga kuta za kuzuia udongo, wamevuta bomba la maji kutoka chemchemi. Nyoka wapo. Matombo hawapo?

Sasa ardhi, maana usije ukasikia "kwao wana shamba" ukalala usingizi.

Kwa asili shamba la ukoo huku linaitwa lingko, na halikatwi mraba. Katikati wanapiga kigingi. Mzee mgawa ardhi, tu'a teno, anapima hapo hapo kwenye kigingi kwa upana wa vidole, halafu mistari inanyooshwa kutoka katikati mpaka ukingo wa nje. Kila nyumba inapata kipande chenye ncha katikati na mgongo mpana nje, kama kipande cha chapati. Ukisimama kwenye kilima pale Cancar, mashamba ya mpunga yanaonekana kama utando wa buibui, na watalii wanalipa kiingilio kuyapiga picha. Unene wa kidole pale kwenye kigingi, kule ukingoni ni shamba la kulisha nyumba. Lakini baba mwenye vidole viwili akizaa wana wanne, kila mmoja ana nusu kidole. Ardhi inashuka kwa wanaume. Jenista ataipata kupitia mumewe tu. Ndiyo maana vijana wanaondoka: Kalimantan kwenye michikichi, Bali kwenye ujenzi, Makassar, Malaysia. Wengine wanakwenda Malaysia bila karatasi, na huko ndiko kwenye hatari. Mwulize kijana ana kaka wangapi na wako wapi. Kaka aliyeko Kalimantan hajasamehe sehemu yake, amewaazima tu.

Na hili la sheria naomba umpe Baba Deo alisome mwenyewe. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya 1960 haimpi mgeni umiliki kamili. Wakioana bila mkataba wa kutenganisha mali, watakachonunua baada ya harusi kinahesabiwa ni cha wote wawili, na mume anaweza kukwama kununua ardhi hata kwa jina lake, kwa kuwa nusu ni ya mgeni. Dawa ni mkataba wa ndoa ulioandikwa kwa mthibitishaji wa serikali na kusajiliwa. Siku hizi unakubalika hata baada ya ndoa, Mahakama ya Katiba ilishaamua, lakini afadhali kabla. Tena harusi ya kanisani peke yake haimalizi. Lazima iandikishwe ofisi ya usajili wa raia, la sivyo hata kibali chake cha kukaa kama mke hakitatoka.

Haya, turudi kwenye mikarafuu.

Kuchuma na kuanika sikufundishi, wewe umekulia chini ya mikarafuu. Ni ile ile tu: unachuma kishada kikianza kuwa chekundu kabla ua halijafunguka, unachambua makonyo, unaanika siku nne tano, kilo tatu mbichi zinakuwa moja kavu. Ukivunja karafuu ikalia, imekauka. Mvua ikikukuta ukazilundika usiku kucha, asubuhi zimepauka, zimeanza kuchacha, na mnunuzi anakata bei kabla hajashusha mzani. Tofauti ni kupanda. Huku wanatumia mwanzi mmoja mrefu wenye vijiti vya kukanyagia, umefungwa kamba pande zote kwenye miti ya jirani, na mchumaji anakaa juu kabisa ya mti wenye urefu wa nyumba tatu. Kamba moja ikilegea mwanzi unazunguka naye. Kila msimu kuna wanaoanguka. Yule kijana akisema anachuma mwenyewe, msifu, kisha mwulize kamba zake zina umri gani.

Mkarafuu nao una tabia zake. Unataka kiangazi kikavu kweli ndipo utoe maua. Mvua ikikataa kukatika, unatoa majani mapya na mwaka umekwenda. Ukizaa sana msimu huu, unaofuata unapumzika. Kwa hiyo fedha ya nyumba inakuja mara moja, Julai mpaka Septemba au Oktoba hivi, na mwaka mwingine haiji. Kahawa inatangulia kidogo, kuanzia Mei, nayo inaziba pengo kwa wenye nayo.

Matumizi hayangoji. Januari mpaka Machi ghala limeisha na mchele unanunuliwa. Julai shule zinafungua mwaka mpya. Halafu kuna mambo ya wakwe, na hapa sikiliza vizuri. Huku ukoo uliotoa binti, anak rona, unabaki juu ya ukoo uliooa, anak wina, maisha yote. Upande wa juu ukiwa na msiba, harusi, au mtoto anakwenda chuo, unatuma kwa waliooa kwao kile wanachokiita sida, mchango wenye kiasi cha kutajwa, na kukataa ni aibu ya ukoo mzima. Mtoto akipata nafasi chuo kikuu wanafanya wuat wa'i, sherehe ya kumsindikiza: watu wanakula, wananywa, kila mmoja anatoa bahasha. Ni harambee yenye nguruwe. Ni jambo zuri, limesomesha wengi sana. Lakini mchango unaweza kutakiwa Februari na karafuu iko Agosti.

Hapo ndipo anapoingia mnunuzi. Anakuja na pikipiki, anaangalia mti ukiwa kijani kabisa, anatoa fedha mkononi. Hii ndiyo ijon, kuuza mazao yangali mabichi. Chukua mfano, bei hizi ni zangu za kukuonyesha tu. Nyumba inataka rupia milioni 3 mwezi wa pili. Mnunuzi anahesabu kilo kavu kwa 40,000, kwa hiyo anaandikiwa kilo 75. Agosti inafika, sokoni kilo ni 100,000, na miaka ya karibuni imewahi kufika hapo na kupita. Zile kilo 75 sasa ni milioni 7.5, na ni zake. Nyumba imechuma kilo 225 mbichi, imelipa wachumaji, imeanika, imefukuza kuku kwenye turubai, na haina senti. Msimu ukigoma, deni linavuka mwaka, na mwakani wanaanza chini zaidi. Wengine wanauza mti kwa misimu kadhaa: mti umesimama kwenye shamba lako, kivuli ni chako, karafuu ni za mtu wa mjini.

Kwa hiyo ukipelekewa picha ya mikarafuu hamsini iliyojaa, usishangilie. Picha haionyeshi daftari la mnunuzi.

Nisije nikakutisha bure. Wapo waliotoka humo, na njia yao inaonekana. Flores ina vyama vya akiba na mikopo vyenye nguvu, vingi vilianzia kwenye parokia. Kile cha Pintu Air kule Sikka kilianza 1995 na wanakijiji wachache, leo ni miongoni mwa vikubwa nchini. Mwanachama anayeweka akiba kila mwezi anakopa Februari kwa riba anayoijua na kuuza karafuu zake kavu mwenyewe. Tena karafuu iliyokauka vizuri haiozi: mwenye nafasi anaweka gunia ndani juu ya mbao, mbali na unyevu, anangoja bei. Mnyonge anauza siku ile ile. Kuna pia wakopeshaji wanaopita nyumba kwa nyumba na kukusanya kila siku, nao wanajiita ushirika. Hao Jenista awakimbie.

Na asiwaache waegemee karafuu peke yake. Karibu zote za nchi hii zinakwenda kwenye viwanda vya kretek, sigara zinazochanganywa na karafuu, kule Java, ushuru wa sigara ukipanda mkulima wa kilimani anausikia. Wazee wa huku wanakumbuka miaka ya 1990, chombo kimoja kilipopewa haki ya kununua karafuu zote, bei ikaanguka, watu wakakata miti kwa hasira, mpaka kikavunjwa 1998. (Na zamani karafuu za Unguja na Pemba ndizo zilikuwa zinaletwa kulisha viwanda hivyo. Waambie wazee wa Matombo, watacheka.) Mbolea ya ruzuku nayo, kwa kanuni ya 2022, ilibakizwa kwa mazao tisa; kahawa imo, karafuu haimo. Tena lazima uwe kwenye kikundi cha wakulima na jina liwe kwenye orodha mapema. Taabu nyingi huku zinatokana na jina kutokuwemo kwenye orodha.

Ninachokiona kinalipa kila wiki ni mboga. Kabichi, karoti na vitunguu vya majani kutoka baridi hii vinashuka Labuan Bajo, kwenye hoteli. Nusu kidole cha ardhi kinatosha kwa mboga, hakitoshi kwa mpunga. Nguruwe ndio walikuwa benki ya kila nyumba, ila tangu 2020 homa ya nguruwe imewamaliza vijiji vizima, na ugonjwa wenyewe, samahani, una jina la Afrika. Jenista ajiandae kutaniwa. Akifuga, asiwape mabaki ya nyama ya sokoni bila kuyachemsha, na mnunuzi wa nguruwe asiingie bandani na viatu vyake.

Mahari, uliuliza. Wanaita paca, na kwa desturi ni nyati, farasi na fedha. Ninyi mnageuka anak rona wa kijana! Baba Deo atapenda hiyo, ana haki ya kuomba sida toka Matombo. Lakini hesabu vizuri: mkitaja kiasi kikubwa ili mheshimiwe, fedha hiyo itatoka wapi? Kwa mnunuzi wa pikipiki, na atakayeilipa kwa jasho ni binti yako.

Sasa nijibu haya, na uyaulize kwa upole, kijana asione anapekuliwa. Baba yake ana mikarafuu mingapi inayozaa, na mingapi kati ya hiyo imeshachukuliwa fedha? Kwa msimu mmoja au zaidi? Wamo kwenye chama gani cha akiba? Ana dada wangapi walioolewa, na mama yake anatoka ukoo upi, maana sida ya upande huo ndiyo nzito? Wanakaa kijiji cha juu au kile cha bondeni chenye mpunga? Jenista mwenyewe anasemaje, au wewe ndiye unayesema kwa niaba yake? Bado ana ile cherehani ya kukanyaga? Asiiuze. Na Deo ananitumia ujumbe usiku anataka namba ya dada wa yule kijana. Ya nini?

Wako,
Stella