Sharika zitutumie sisi tuliopoteza kazi za miradi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, hasa wa mkoa wetu wa Njombe.

Mimi ni mama, Mlutheri, mkazi wa Makambako. Kwa miaka mingi nilikuwa mshauri nasaha katika mradi wa UKIMWI ulioendeshwa kwa fedha za Marekani. Niliwafuatilia watu walioacha dawa: nafika nyumbani, nakaa jikoni, nasikiliza mpaka mwenyewe aseme kilichomfanya aache. Mara chache sana ni ukaidi. Ni nauli ya kwenda kliniki, ni mume ambaye hajaambiwa, ni mhubiri aliyemtangazia kwamba amepona. Januari 2025, misaada ya nje ya Marekani iliposimamishwa, nasi tukasimama, na mikataba yetu ikaishia hapo.

Mkoa huu hauwezi kumudu hasara hiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe iliongoza kwa asilimia 12.7. Watu hao tunasali nao, wengine wanaimba kwaya.

Kanisani tuliombewa, na nashukuru kwa moyo wote. Ila kila ombi lilikuwa lile lile: Bwana awafungulie mlango wa ajira. Sikusikia mtu akiuliza wale tuliokuwa tukiwatembelea wamebaki na nani. Kwenye mikutano ya injili nilisikia mabaya zaidi, kwamba aliyepoteza kazi ana laana ya ukoo, apande mbegu ya fedha ifunguke. Kumdai sadaka mtu aliyekosa karo ya mtoto ni ukatili, na wachungaji wetu wanapaswa kuukemea hadharani.

Mimi nilisaidiwa na Yohana 21, tuliposoma sura hiyo kwenye jumuiya. Tangu kipaimara nimefundishwa kwamba Petro alirudi nyuma kiimani aliposema, "Naenda kuvua samaki." Nimeisoma tena na tena, sioni karipio. Petro haijui kesho yake. Bwana amefufuka, lakini hashindi nao tena kama zamani, na watu lazima wale. Wanakesha ziwani bila kupata kitu. Kunapopambazuka Yesu yuko ufukweni, anawaelekeza pa kutupa wavu, na wanaposhuka wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Anawaita wale kwanza. Wakiisha kula ndipo anamwuliza Petro kama anampenda, na kila Petro anapojibu, anakabidhiwa kondoo. Hapakuwa na mkataba. Kondoo walikuwa ni wale wale wa siku zote.

Sura hiyo ilinirudisha mbali, nyuma ya mradi wenyewe. Nilianza kazi hii nikimwuguza dada yangu, kabla dawa za kufubaza VVU hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Hakuna aliyeniajiri. Nilimwosha, nikamlisha uji, nikajifunza kukaa na mtu anayeogopa bila kumhubiria. Mradi ulikuja baadaye ukanipa mafunzo, posho na kitambulisho. Kitambulisho nimekirudisha. Niliyojifunza ninayo.

Siku hizi nauza viazi, na jioni wapo wanaokuja wenyewe kuongea nami. Sina orodha ya mtu yeyote, siri zao zimebaki kwenye mafaili ya kliniki. Ninachofanya ni kusikiliza, na akikubali, namsindikiza kwa muuguzi arudi kwenye dawa. Wala sisemi watu watumike bure milele. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na hakuna anayesema wito wake ulipungua kwa sababu alikuwa na sindano mkononi.

Basi naomba hivi. Mchungaji anapotuombea ajira, atuulize pia tunajua kufanya nini. Katika sharika zetu wamo washauri nasaha, wahudumu wa jamii, watunza takwimu, madereva, wamekaa nyumbani wakidhani Mungu amewaweka kando. Fungu la diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wenye shida, linaweza kutoa nauli ya mgonjwa kufika kliniki. Na madhabahuni itamkwe waziwazi kwamba anayeombewa aendelee kumeza dawa.

Usharika wetu una chumba cha shule ya Jumapili ambacho siku za kazi kinakaa kitupu, na mlango wake unafungika vizuri, jambo muhimu kwa mazungumzo ya namna hii. Nimeandika barua kukiomba kwa siku za Jumanne. Baraza la wazee litaijadili mwezi ujao, na nawasihi waikubali.

Mshauri nasaha,
Makambako, Njombe