Risala ya Watazamaji Ndege wa Mida kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ndege Wahamaji Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Chifu wetu, wazee wa mtaa, walimu wakuu mliotuletea wanafunzi, viongozi wa dini, wavuvi na kina mama wa mikoko, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili, Mheshimiwa, tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko wetu na kufika mwenyewe. Tunasema mwenyewe kwa sababu mwaka jana tuliyemwalika alimtuma msaidizi, na msaidizi naye akatuma salamu kwa simu. Salamu zilipokelewa.

Mheshimiwa, historia ya kikundi chetu ni ndefu, lakini jua ni kali na turubai ni la kuazima, kwa hiyo tutaipitia mbio. Tulianza tukiwa vijana wachache wa kutembeza watalii hapa kwenye hori ya Mida. Hori hii imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa 1968, na tangu 1979 imo katika orodha ya UNESCO ya maeneo ya viumbe hai. Siku hii yenyewe ya Ndege Wahamaji ilizinduliwa hapa hapa Kenya, kule Laikipia, mwaka 2006, jambo ambalo wageni wetu rasmi hupenda kulirudia katika hotuba zao, nasi hulipigia makofi kila mara.

Mafanikio yetu ni makubwa mno. Tumesajiliwa. Tuna akaunti ya benki ambayo haijawahi kufungwa. Tuna viti vya plastiki, ndivyo hivi mlivyokalia, isipokuwa hicho chako, Mheshimiwa, ambacho ni cha ofisini kwa mwalimu mkuu. Zaidi ya yote, tumeleta mapinduzi ya habari pwani nzima. Kaskazi inapokata na maleleji kuingia, kuanzia Machi hadi siku za mwanzo za Mei, simu zetu hazilali. Mvuvi wa Dabaso anatuma habari kwamba sululu, wale ndege wa mdomo mrefu uliopinda, wameinuka jioni na kushika njia ya kaskazini. Dereva wa bodaboda wa Gede anasimamisha abiria wake njiani ili ahesabu keremkerem wanaopita juu kwa mafungu. Mama wa viazi karai pale Watamu ndiye aliyetangulia kuwaona mbayuwayu wakijaa kwenye nyaya za umeme, na hajatuacha tusahau. Katibu hukusanya habari hizo na kuziingiza katika Kenya Bird Map, ile ramani ya ndege iliyoanzishwa 2013 ambayo imeigawa nchi kwa miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa. Mraba wetu unaongoza, au basi ndivyo tunavyojisifu.

Leo, Mheshimiwa, tunawasherehekea wageni ambao wengi wao wamekwisha kuondoka. Sikukuu huangukia Jumamosi ya pili ya Mei, na ndege hawasubiri hotuba. Waliobaki kwenye matope ni hasa wale wachanga ambao mwaka wao wa kwanza hawarudi kaskazini. Ukitaka kuwaona wakubwa, njoo mwanzoni mwa Aprili. Kitwitwi fulani anayefika hapa Agosti akiwa wa kijivu, mtu humdharau, lakini Aprili anageuka mwekundu kama udongo wa Magarini, kisha anaondoka kwenda kuzaa Siberia, kwenye ncha ya juu kabisa ya dunia. Ndege huyo aliingizwa mwaka 2024 katika kundi la walio hatarini kutoweka. Yule mwingine wa kijivu, mkubwa kidogo, anayeota kifua cheusi kabla ya safari, naye aliingizwa mwaka huo huo. Wote wawili hula kwenye matope yetu.

Mheshimiwa, sasa tunafika kwenye jambo lililotuleta.

Kikundi hiki hakina darubini ya miguu mitatu. Tunazo za shingoni, mbili, na mojawapo ni ya jicho moja kwa sababu upande wa pili umeingia maji ya chumvi. Darubini ya shingoni inatosha kwa ndege aliye juu ya mkoko. Maji yakipwa, ndege wetu wako mbali kabisa, kule kwenye ukingo wa maji, na katikati kuna matope yanayomeza mguu hadi gotini. Kuwasogelea hatutaki. Ndege anayejiandaa kuruka maelfu ya kilomita yuko kazini, anakula usiku na mchana apate mafuta mwilini, na kila tukimrusha anachoma akiba yake ya njiani.

Tukueleze lililotokea Machi mwaka huu. Maji yalikuwa yanarudi, na kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi, wale wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, lilisimama kwenye kisiwa cha mchanga likisubiri. Hao hawaendi Siberia. Wao huzaa kwenye visiwa vya Uarabuni na pande za Ghuba, ndani ya mashimo wanayoyachimba mchangani, yai moja tu. Mmoja wao alikuwa na kibendera mguuni. Kibendera hicho huandikwa herufi, na ukizisoma, waliomvisha watakujibu ni wapi alivishwa na mwaka gani. Tuliona rangi ni ya kijani. Vijana wetu walipokezana ile darubini nzima mpaka maji yakawafika viunoni, mmoja akisema ni P, mwingine akisema ni R, kisha kundi likainuka. Tuliandika: "kijani, herufi haikusomeka." Kijana wetu mmoja alijaribu kupiga picha kwa simu. Picha tunayo, na ukipenda utaonyeshwa, inaonyesha maji.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Lilisomwa hapa mbele ya mgeni rasmi mmoja, akasimama, akasema darubini ni kitu kidogo, ataileta wiki ijayo. Wiki hiyo bado tunaisubiri. Mwingine baada yake alitimiza, na tunamshukuru kwa dhati, ila aliyetumwa dukani alinunua darubini ya kutazamia nyota. Kwa mwezi ni nzuri sana. Ndege wote wanaonekana miguu juu, kichwa chini. Ipo kwa mwalimu wa sayansi. Wa tatu alituletea fulana zenye picha yake, nasi tumezivaa leo kwa kuwa ndizo sare tulizo nazo. Tunaomba radhi kwa hilo.

Kwa hiyo safari hii tumeandika kila kitu, ili aliyetumwa asipotee. Tunaomba darubini ya kutazamia ndege, moja tu, yenye kukuza mara 20 hadi 60, kioo cha mbele milimita 80, isiyoingia maji, pamoja na miguu yake mitatu iliyo mizito kiasi cha kustahimili upepo wa kusi. Miguu tunaitaja mahsusi, maana bila miguu ni bomba. Bei hatutaitaja hadharani. Imo kwenye bahasha, pamoja na jina la duka, na pesa zikitumwa moja kwa moja dukani sisi hatuna neno. Hata tungependelea iwe hivyo.

Tulikuwa na maombi mengine, ya mabuti, ya bando za intaneti na ya kukarabati choo cha wageni. Kamati imeamua kuyaondoa ili tusije tukapewa hayo halafu darubini ikasahaulika.

Ndege wa kwanza wataanza kurudi mwezi Agosti. Tunakuomba, Mheshimiwa, ukisimama kujibu, utaje tarehe. Mwenyekiti ana kalamu na daftari, na wanafunzi waliokaa mbele wamefundishwa kuandika imla.

Bahasha iko kwa mweka hazina, yule mama aliyeketi kulia kwako. Hatakuachia uondoke bila hiyo.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi