Sauti ya pili

Swahiba,

Salaam nyingi, mi mzima ila goti ndo linanisumbua. Jumamosi nilipiga kwenye harusi moja huku Mbagala, si bendi kamili, kijana mmoja na kinanda chake, mwingine gitaa, na mimi na saksafoni basi. Wazee wakaomba nyimbo za zamani, nikasema hapa ndo kwangu, nikapuliza ile mistari yetu yote kama tulivyokuwa tunapiga mazoezini mwaka 1984, watu wananiangalia tu, hawaijui! Mpaka yule wa kinanda akaniuliza, mzee hiyo nyimbo gani. Ndo nikashtuka, miaka yote ile nilikuwa napiga sauti ya pili, ya kwanza, ile watu wanayoijua kama wimbo wenyewe, ulikuwa nayo wewe.

Usiku sikulala. Nikawa namuwaza King Michael Enoch, unakumbuka tulivyokuwa tunabanana mbele ya steji kumwangalia? Mtu alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi ya Dar es Salaam Jazz, gitaa limemkubali kabisa, halafu akaja kushika saksafoni kwenye bendi ya Mlimani Park. Enzi zile nilikuwa naona anapoteza kipaji, sasa hivi ndo naelewa, yule alikuwa anaisikia bendi nzima. Mbaraka Mwinshehe naye, yule fundi wa gitaa na kuimba, nampenda hadi kesho, alipofariki Januari 1979 nililia kama nimefiwa na kaka, ila sikiliza tena zile za bendi yake ya Morogoro Jazz, solo linaingia pale ambapo gitaa la rizimu limeshaliwekea kiti. Na kule RTD, Radio Tanzania, bendi walikuwa wanarekodi wote kwa pamoja, mmoja akikosea mnarudia wote.

Hawa vijana wazuri, yule wa kinanda ana masikio kweli. Lakini anabonyeza tu, tarumbeta zinatoka nne kwa mpigo na hazipumui. Sisi tulikuwa tunavuta pumzi pamoja bwana, nilikuwa naangalia bega lako, likipanda najua tunaingia.

Pumzi yangu imepungua, kwenye chemko, pale wimbo unapochanganya kasi, napiga mistari miwili napumzika. Wewe je, kifua kinaendeleaje? Kuna harusi nyingine mwezi ujao, hela ndogo, elfu 40 kila mtu na pilau. Njoo. Nauli ya kutoka Moro nitakurushia kwenye simu. Na kama bado unazo zile ridi, vile vibanzi vya mdomo wa saksafoni ya alto, usizigawe, huku nimebakiwa na moja tu na ncha imepasuka.